Nyayo Zilipoishia

Ng'ombe wakiibwa usiku katika vijiji vya Tarime, yowe hupigwa na wanaume hutoka. Anayeijua kazi hakurupuki kukimbia. Huinama na tochi kwenye mlango wa zizi akitafuta kwato za ng'ombe anayechechemea, au za yule mwenye ukwato uliopasuka, maana huyo ndiye atakayetambulika njia nzima. Kisha msafara hufuata. Nyayo zikiingia kijiji cha jirani, wenyeji wa pale huamshwa na kukabidhiwa. Wao nao wazifuate, waoneshe zilipotokea upande wa pili. Wakishindwa kuonesha, deni limebaki kwao; wazee wataketi kwenye iritongo, baraza la jadi, na kijiji kitalipa.

Ni sheria kali, na imewahi kuwaumiza wasio na hatia, kwa sababu mwizi mjanja hupitisha mifugo mtoni au huichanganya na makundi ya malishoni ili nyayo zipotelee kwa wengine. Ila ina jambo moja ambalo sheria nyingi za vitabuni hazina: haipokei jibu la kwamba pori limemeza. Alama zinapokoma pana wenyewe, na wenyewe wana wajibu wa kusema.

Sura hii ni ya binti aliyepotea jirani kabisa na pori letu, ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, Septemba 1988. Aliitwa Julie Ward, Mwingereza wa miaka 28. Mabaki yake yalipatikana baada ya wiki moja. Aliyemuua hajapatikana mpaka leo. Kesi yake imeandikiwa vitabu, lakini sijaona ikitazamwa kutoka upande huu, upande wa Tarime na Serengeti, kwa watu waliozoea kusoma udongo kabla ya kusoma karatasi.

Anayesimama Kogatende, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, haoni mpaka. Anaona nyasi, vilima vya mawe na Mto Mara unaotoka Kenya kuja kwetu, kupita baina ya wilaya za Tarime na Serengeti hadi Ziwa Victoria. Mpaka ni mstari walioanza kuuchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kutoka mwambao wa Bahari ya Hindi kuja ziwani, wakaupinda kuuzunguka Mlima Kilimanjaro na kwingine wakaunyoosha. Kwetu umenyooka. Umeugawa ukoo wa Wairege ukawa wa nchi mbili, na ule wa Wanyabasi vilevile. Nyumbu, zaidi ya milioni moja, huupita kila mwaka kwenda Maasai Mara na kurudi.

Zamani watalii nao waliupita. Gari lilitoka Keekorok upande wa Kenya, likapita lango la Sand River, likaingia Serengeti kwa Bologonja. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka. Ulipofunguliwa mwaka 1983, shughuli zilirudi Sirari na Namanga, lakini njia ile ya porini haikurudi kuwa njia ya watalii. Hili ni la kuzingatiwa. Kambi ya Sand River, iliyokuwa mahali pa kupitia, ikawa mwisho wa barabara. Mahali pa kupitia pana macho mengi: madereva, abiria, askari wa pande mbili, na daftari linalolinganishwa na daftari la lango linalofuata. Mwisho wa barabara pana wale tu wanaokaa pale.

Julie alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya uchapishaji Bury St Edmunds, mji mdogo wa mashariki mwa Uingereza, na alipenda kupiga picha za wanyama. Alikuja Afrika mapema mwaka 1988. Mwanzoni mwa Septemba, siku chache kabla ya safari yake ya kurudi nyumbani, alikwenda Maasai Mara na rafiki yake kutoka Australia katika gari dogo la Suzuki. Gari liliharibika. Rafiki alirudi Nairobi kwa ndege, Julie akabaki kusubiri litengenezwe. Tarehe 6 Septemba lilipopona aliliendesha hadi Sand River, ambako mahema na vyombo vyao vilikuwa vimebaki, avichukue na kuanza safari ya Nairobi.

Hakufika Nairobi. Daftari la langoni lilionesha kwamba aliondoka alasiri ile. Baadaye sahihi iliyokuwa kwenye daftari hilo ilibishaniwa, na wataalamu wa maandishi waliiona kuwa si ya mkono wake.

Tusimame hapo. Kwa mfuata nyayo, daftari lile ndilo mlango wa zizi. Ikiwa sahihi ni ya Julie, basi alitoka Sand River akiwa mzima na kilichompata kilimpata njiani. Ikiwa si yake, hatuna tena uthibitisho wa karatasi kwamba alitoka vile ilivyoandikwa, na deni linabaki kambini mpaka mtu aoneshe nyayo zilipotokea. Huenda karani huandika kwa niaba ya mgeni mwenye haraka. Mambo hayo hutokea kila siku. Lakini safari hii mgeni amekufa, na mstari ule ndio wa mwisho wenye jina lake.

Baba yake, John Ward, alikuwa mwenye hoteli katika eneo la Suffolk. Alipopata habari alipanda ndege hadi Nairobi, akakodi ndege ndogo za kutafuta kutoka angani. Tarehe 13 Septemba gari lilionekana limekwama kwenye korongo, na juu ya paa lake yamepakwa kwa matope maandishi ya kuomba msaada, herufi tatu ambazo rubani yeyote duniani huzielewa. Siku ileile mabaki yakapatikana mahali pengine, takribani kilometa 10 kutoka kwenye gari: sehemu ya mguu na taya, karibu na majivu ya moto.

Maelezo ya mwanzo ya wakubwa yaliwageukia wanyama. Simba walitajwa, fisi walitajwa, hata radi. Radi si wazo la kuchekwa katika eneo hili. Septemba ni kiangazi, lakini unyevu wa Ziwa Victoria hupanda alasiri ukaangusha mvua kubwa za ngurumo kaskazini mwa Serengeti, na watu wa mkoa wa Mara hawajaacha kuzika ndugu waliopigwa na radi mashambani na ziwani. Simba wapo pia. Fisi wapo wengi kuliko simba. Mgeni anayetembea peke yake usiku kati ya makundi ya nyumbu yuko hatarini, na kila mkazi wa Machochwe au Gibaso, vijiji vinavyopakana na hifadhi, anaweza kukuambia hivyo bila kufikiri.

Kwa hiyo hoja ya wanyama ilistahili kupimwa. Tuipime.

Fisi huvunja mfupa kwa nguvu ya taya. Hula mpaka uboho, na choo chake hukauka kikawa cheupe kwa sababu ya chokaa ya mifupa. Mfupa aliouachia huwa na mashimo ya meno na kingo zilizochakaa, kama muwa uliotafunwa. Simba hana kazi hiyo na mfupa mkubwa. Hulamba nyama kwa ulimi wake wenye miiba na kuacha mikwaruzo. Panga hufanya kitu kingine kabisa: huacha uso bapa, ulionyooka, na mchinjaji yeyote wa buchani anaweza kuutofautisha. Halafu kuna moto. Mnyama hawashi moto. Radi huweza kuwasha nyasi, lakini moto wa nyasi hupita haraka na kuacha doa jeusi pana. Haukai mahali pamoja ukaunguza mfupa. Kisha kuna zile kilometa 10. Msafiri aliyekwama na akapata akili ya kupaka ombi la msaada juu ya paa la gari ni mtu anayetegemea kuonwa pale lilipo gari. Akiondoka kwa miguu hadi umbali huo, katika nyasi zenye simba, lazima awe na sababu. Akiondolewa, sababu ni ya mwingine.

Udongo ulikuwa umekwisha kujibu, na daktari alijibu vilevile. Dk. Adel Shaker, mtaalamu wa uchunguzi wa maiti kutoka Misri aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, aliyapima mabaki na kuandika kwamba yalikatwa na kitu chenye makali. Ripoti ilipotoka ilikuwa imebadilishwa. Mkubwa wake, Dk. Jason Kaviti, aliyekuwa mkuu wa wataalamu wa maiti wa serikali ya Kenya, ndiye aliyeyabadilisha maneno. Palipokuwa na kukatwa pakawekwa kuchanika na kupasuka. Baba aliziona karatasi zile, akaona maneno yaliyopigwa juu ya maneno.

Hapo ndipo nyayo za Julie Ward zilipopotezwa kwa mara ya pili, safari hii ofisini. Nimekuwa nikiifuatilia kesi hii kwa muda mrefu, na kadiri ninavyoisoma ndivyo ninavyoamini kwamba pori halikuwa na kosa. Pori lilitunza gari, likatunza majivu, mfupa na alama ya makali kwenye mfupa, wiki nzima, katikati ya fisi. Kilichoshindwa kutunza ni jalada.

Kwa nini mtu abadilishe neno moja? Mwaka 1988 utalii ulikuwa umeipita kahawa na chai kwa kuiingizia Kenya fedha za kigeni. Mtalii aliyeuawa na simba ni habari ya kusikitisha, lakini hailaumu mtu, na kuna wageni ambao habari ya namna hiyo huwavutia. Mtalii aliyekatwakatwa na binadamu ndani ya hifadhi inayolindwa na askari ni habari ya kufunga hoteli. Ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi wa mlolongo, wapiga kura wakipangwa mistari nyuma ya wagombea mchana kweupe, na mtumishi wa serikali alijua vizuri gharama ya kumletea mkubwa habari mbaya. Sina ushahidi kwamba Dk. Kaviti aliagizwa na mtu. Katika nchi iliyofika hali ile, agizo halikuhitajika.

Miezi 17 baadaye, Februari 1990, Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, alitoweka nyumbani kwake Koru. Mwili wake ulipatikana karibu na kilima cha Got Alila ukiwa na jeraha la risasi na umeunguzwa. Wazo la kwanza kutolewa kwa umma lilikuwa kwamba huenda alijiua. Makachero wa Scotland Yard walipokuja walisema aliuawa. Siziunganishi kesi hizi mbili kwa wauaji. Zinafanana kwa kitu kingine: kila mara jibu la kwanza lilimtafuta mtuhumiwa asiyeweza kufikishwa mahakamani, fisi hapa, marehemu mwenyewe kule.

John Ward hakukubali. Mwaka 1989 uchunguzi wa mahakama ulifanyika Nairobi mbele ya hakimu Joseph Mango, naye akaamua kwamba Julie aliuawa na watu. Mwaka uliofuata makachero wa Scotland Yard walialikwa. Mwaka 1992 askari wawili wa hifadhi walisimama kizimbani kujibu shtaka la mauaji. Jaji Fidahussein Abdullah aliwaachia huru kwa kukosekana ushahidi, akataka wengine wachunguzwe. Uchunguzi mpya ulifunguliwa baadaye katika miaka ya 1990, ukamfikisha kizimbani aliyekuwa mkuu wa hifadhi wakati ule. Mwaka 1999 naye aliachiwa. Majina yao yamechapishwa mara nyingi. Mimi siyarudii, kwa sababu mtu aliyeachiwa na mahakama anastahili kulala bila kusoma jina lake katika kila kitabu kinachohusu kifo.

Ukosoaji haukuishia Nairobi. Polisi wa Lincolnshire waliokabidhiwa kuutazama upya mwenendo wa kesi waliona kasoro upande wa Uingereza pia, na mwaka 2004 mahakama ya uchunguzi wa vifo Ipswich ilitamka kwamba Julie aliuawa kinyume cha sheria. Ilikuwa miaka 16 tangu afe, na mahakama ya kwao ndiyo kwanza inatamka kwa mhuri wake jambo ambalo Dk. Shaker alikwisha kuliandika wiki zile za mwanzo.

Nafasi iliyoachwa na karatasi ilijazwa na uvumi. Wakenya walisimuliana kwamba binti yule aliona asichopaswa kuona, kwamba watu wakubwa walihusika, kwamba kulikuwa na biashara ya siri porini. Msomi wa Kenya, Grace Musila, aliandika mwaka 2015 kitabu kizima juu ya masimulizi hayo, na anayachukulia kwa uzito unaostahili: watu walionyimwa taarifa walijitengenezea mahakama ya vijiweni na kutoa hukumu humo. Nawaelewa. Lakini uvumi unamlinda muuaji karibu sawa na jalada lililofutwa, maana humpandisha juu mno, akawa mtu asiyeguswa, na watu wakaacha kuuliza maswali madogo ya chini: nani alikuwa lindo siku ile, gari gani lilitoka na kurudi lini, kuni za moto ule zilikatwa wapi, panga lilikuwa la nani.

Maswali hayo hujibiwa katika saa chache za mwanzo au hayajibiwi kabisa. Nyumbu wakipita mahali, maelfu kwa maelfu, hakuna unyayo wa binadamu unaosalia. Mvua moja ya alasiri huosha alama za magurudumu. Kati ya tarehe 6 na 13 kulikuwa na siku saba, na hakuna aliyeinama na tochi.

Baba wa Julie aliendelea kwa miaka 35. Alikwenda Kenya zaidi ya mara 100, akatumia karibu pauni milioni 2 za kwake, akalipia wapelelezi na wataalamu, akaandika kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba wanyama hawana hatia. Hata alipokuwa mzee alishinikiza vipimo vya vinasaba vifanyike. Namheshimu kupita ninavyoweza kuandika. Na kila ninapotaja hesabu ile ya pauni na safari, nawafikiria watu wa upande wetu.

Wilaya za Tarime na Serengeti nazo zina watu walioingia pori lilelile wasirudi. Wapo waliofuata mifugo iliyoibwa wakapotelea mbele ya msafara. Wapo waliokwenda kutega nyaya za kunasa nyumbu na pundamilia, wapate kitoweo na fedha ya ada ya shule. Wapo waliovuka mpaka kutafuta kazi upande wa pili na habari zao zikakatika. Ndugu wa hawa hawana ndege ya kukodi. Mke wa mwindaji ana taabu zaidi kuliko ya umaskini: akienda kituo cha polisi kusema mumewe aliingia hifadhini Jumanne na hajarudi, amekwisha kumshtaki. Anatoa taarifa ya mtu aliyepotea na kukiri kosa la jinai kwa sentensi moja. Wengi hunyamaza. Wanaume wa ukoo huingia kimya wenyewe kutafuta, nao wakihatarisha kukamatwa, na wasipoona kitu hurudi na neno lilelile lililotolewa Nairobi mwaka 1988: fisi.

Huenda mara nyingi ni kweli. Fisi, mamba wa Mto Mara, nyati aliyejeruhiwa, mafuriko ya ghafla. Pori lina vifo vya kutosha vya kwake. Ila hapana daktari anayepima mfupa, hapana hakimu wa kubishana na ripoti, na mara nyingi hapana hata mfupa. Wilaya za Tarime na Rorya zimepewa mkoa wao wa kipolisi kwa sababu ya wizi wa mifugo na mapigano ya koo, kwa hiyo serikali inajua eneo hili lina mambo yake. Ningependa kuona, katika kila kijiji kinachopakana na hifadhi, daftari la waliopotea ambamo jina linaweza kuandikwa bila aliyelileta kuulizwa kwanza mtu yule alikuwa akifanya nini porini. Swali hilo lingoje mpaka mtu apatikane, akiwa hai au amekufa. Askari wa hifadhi wanajua njia, wanavijiji wanajua kufuata nyayo. Kinachowatenganisha ni hofu, na hofu hiyo inaweza kuondolewa kwa waraka wa ukurasa mmoja.

Lango la Sand River bado lipo upande wa Kenya, na kila mwaka, nyumbu wakiwa kule, wapiga picha wa nchi zote hupita karibu na mahali gari la Suzuki lilipokwama. John Ward alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89, bila kujua nani alimuua mwanawe. Waliokuwa vijana kazini mwaka 1988, walinzi, makarani, wapishi, mafundi, sasa ni wazee wa miaka 60 na zaidi, wengine tayari wamezikwa. Sheria ya Kenya haiweki ukomo wa muda kwa kosa la kuua, na mwenye neno la kusema kuhusu alasiri ile ya tarehe 6 Septemba anaweza bado kulisema kituo chochote cha polisi, au kwa mwanasheria, au kwa mwanawe.